Jeraha na Dawa: Kutoka Hema la Rufayda Hadi Wodi za Mwanza

 

Kijana mmoja wa bodaboda alitujia hapa Buswelu baada ya sala ya Alasiri, mguu umefungwa bandeji, akauliza atatawadha vipi. Tulimjibu kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi: aoshe palipo pazima, apake maji juu ya bandeji, na atayamamu. Akashukuru, akaondoka. Hatukumuuliza jeraha lina siku ngapi, wala anatumia dawa gani. Wiki tatu baadaye tulikwenda kumzuru hospitali. Usaha ulikuwa unatoka, na dawa alizochomwa hazikufua dafu. Ndipo tulipojua kwamba alikuwa akinunua vidonge vya rangi mbili dukani, vinne leo, vitatu kesho kutwa, kwa kadiri ya fedha iliyokuwamo mfukoni.

Tukaikumbuka hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Abu Daud. Mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwa kutoa jawabu bila kuuliza. Maulamaa wa hadithi wana maneno juu ya nyongeza inayotaja kupaka juu ya kitambaa, na wengi wameidhoofisha. Hata hivyo kisa hiki kimebaki katika milango ya tahara hadi leo. Sisi tulikuwa tumekisomesha mara nyingi kwa ajili ya tayamamu, na jeraha lenyewe tukalipita.

Majeraha yana historia ndefu katika vitabu vyetu. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono. Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimchoma moto penye jeraha ili kulikausha, mkono ukavimba, akamchoma mara ya pili. Alipigiwa hema msikitini, na katika Al-Adab al-Mufrad ya Imamu Bukhari ametajwa mwanamke aitwaye Rufayda aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Jeraha lilikaribia kupona, kisha likapasuka, naye akafariki. Kabla ya hapo, siku ya Uhud, Bibi Fatma (r.a.) aliosha damu usoni mwa baba yake huku Ali (r.a.) akimimina maji, na damu ilipozidi akachoma kipande cha mkeka na kuweka jivu lake. Maji, moto na jivu: hayo ndiyo yaliyokuwapo.

Katika mihadhara husimuliwa pia kwamba Abu Bakr al-Razi alitundika vipande vya nyama pande mbalimbali za Baghdad, akachagua mahali pa kujenga hospitali ya Adud al-Dawla pale nyama ilipochelewa kuoza. Kisa ni kizuri, lakini al-Razi alifariki mwaka 313 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, na hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 372. Ibn Abi Usaybia, aliyekinakili, mwenyewe alitanabahisha kwamba al-Razi alimtangulia Adud al-Dawla. Tunaomba wahadhiri wakitumie kwa tahadhari.

Tuje zama za karibu. Mwaka 1928 Alexander Fleming, mjini London, aliona ukungu ukiua bakteria aina ya stafilokokasi, hao hao wanaotia usaha kwenye majeraha. Mwaka 1941 mjini Oxford polisi mmoja aliyekuwa anaoza uso alipewa penisilini, akapata nafuu ya ajabu, kisha dawa ikaisha kabla hajapona, akafa. Mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobeli, Fleming alionya kwamba mtu atakayetumia dawa pungufu atawafundisha vijidudu kuistahimili. Mwaka 1961 huko Uingereza walikwisha kuonekana stafilokokasi walioshinda methisilini, dawa iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu.

Namna inavyokuwa ni hii. Katika mamilioni ya bakteria, wachache huwa na umbile linalowakinga. Dawa ikitumiwa ovyo, au pasipo haja, dhaifu hufa na wale sugu hupata nafasi ya kuzaana. Tena huweza kupeana usugu huo, hata wa aina moja kwa wa aina nyingine.

Mwanza hatuko mbali na jambo hili. Katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, watafiti walifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa kati ya Julai 2009 na Machi 2010. Asilimia 26 yao, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne, walipata maambukizo penye mshono. Stafilokokasi ndio walioongoza, na baadhi yao walikuwa sugu kwa methisilini. Miongoni mwa yaliyozidisha hatari ni upasuaji uliochukua saa tatu au zaidi, na uvutaji wa sigara (wanaobishana nasi juu ya hukumu ya sigara wakiongeze hicho). Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti mwingine wa watafiti wa hapa Mwanza: bakteria sugu walipatikana katika mazingira ya mwambao wa ziwa na ndani ya matumbo ya samaki. Duniani kote, usugu huu ulikadiriwa kuwa sababu ya moja kwa moja ya vifo milioni 1.27 katika mwaka 2019.

Sasa ndugu msomaji, ipo hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo huwa dhamini. Ibn al-Qayyim ameieleza kwa urefu. Muuza duka anayempa mtu vidonge saba bila cheti wala kipimo, kwa maoni yetu, hatoki nje ya hadithi hii. Lakini mafakihi waliizungumza dhamana wakimtazama mgonjwa mmoja na tabibu wake. Bakteria aliyeshinda dawa katika mguu wa kijana wetu anaweza kuhamia, kwa mkono usiooshwa, kwenye mshono wa mama aliyezaa kwa upasuaji kitanda cha pili, ambaye hakununua kidonge chochote. Nani atamdhamini huyo? Msingi wa kukataza madhara upo, ila hatujaona fat'wa ya wanachuoni wetu wa Afrika Mashariki iliyolipanga suala hili, na tunawaomba walitazame.

Kijana yule usaha wake uliooteshwa maabara, na jibu likachukua siku kadhaa. Karatasi ilipokuja tulikuwa kando ya kitanda. Daktari akatuonesha majina ya dawa yaliyopangwa, na mbele ya mengi alama ya usugu. Vile vidonge vya rangi mbili vilikuwa miongoni mwayo. Akaandikiwa dawa nyingine, ya sindano, na nduguze wakatoka kwenda kuitafuta fedha yake.