Hofu ya Mnyama na Vijidudu vya Tumboni

Leo turudi nyuma kidogo, kwa sababu ya swali ambalo wafugaji huniuliza. Nguruwe ametoka bandani mzima. Akapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake asiowajua, na akifika huko kinyesi chake kina vijidudu vya salmonela vingi kuliko jana. Vimetoka wapi?

Jibu la zamani mnalijua: mnyama akiogopa hudhoofika. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu.

Mnyama akishtuka, mwili wake humwaga adrenalini katika damu. Nayo mishipa yake ya fahamu, hata ile ya matumboni, hutoa ndugu yake, noradrenalini. Mwaka 1948, huko Uingereza, Evans, Miles na Niven waliwadunga wanyama wa maabara vijidudu pamoja na adrenalini. Vijidudu vichache, ambavyo bila adrenalini visingeleta madhara, vikaleta ugonjwa. Ikafikiriwa kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyozuiwa. Nani angewaza vingine?

Basi mwaka 1992, huko Marekani, Mark Lyte na mwenzake Ernst wakamwondoa mnyama kabisa. Waliviotesha vijidudu maabara, katika majimaji yenye chakula haba na maji ya damu, wakatia noradrenalini. Vikaongezeka sana kupita vile visivyotiwa. Hapo hapakuwa na mwili wa kudhoofika! Vijidudu vyenyewe vilikuwa vimeitumia.

Kwa namna gani? Mwaka 2000 sehemu ya jibu ilipatikana, nayo ni madini ya chuma. Vijidudu hivi havikui bila chuma, na damu hukishika chuma chake kwa protini iitwayo transferini, kama mtu aliyefunga ghala. Noradrenalini hukilegeza chuma hicho, vijidudu vikajichotea.

Halafu mwaka 2010, huko Uingereza, nguruwe walipewa dawa inayoifanya mishipa yao wenyewe imwage noradrenalini. Salmonela zikazidi kinyesini.

Chuoni mimi nilifundishwa kutomchapa mnyama wa kuuza ili nyama isiharibike. Habari za vijidudu hazikutajwa. Kwa hiyo mpakie polepole, bila fimbo, na usimchanganye na wageni. Na lori lioshwe kabla ya kupakia wengine, maana kinyesi kilichobaki humo ni cha mnyama aliyekwisha kuogopa.