Kasongo: mashini ilikaa kiwandani, jembe likabaki shambani

Hapa Kasongo mpunga ni wa zamani kuliko Leta. Waungwana wa wakati wa Tippu Tip ndio waliouleta, na waliolima, wengi wao watumwa, walilima kwa jembe. Mwaka 1893 jeshi la Wabelgiji likauteka mji. Mwaka 1917 ikaja pamba ya lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Kampuni ya Cotonco, iliyoundwa 1920, ilikuwa na mashini, ndiyo, lakini za kuchambua pamba kiwandani. Shambani baba zetu waliinama na jembe lile lile, na aliyekataa alifungwa.

Mwaka 1973 Mobutu akatwaa biashara za wageni. Mashini nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri.

Sasa, familia iliyorudi toka ukimbizini ikiokota trakta ndogo kongwe, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, ifanye nini? Mwageni esansi iliyooza, safisheni karibureta, toeni plagi, mzungushe injini kwa mkono. Ikizunguka, ingali hai. Lakini msikimbilie kulima: shamba lililolala miaka lina visiki, na visiki huvunja visu. Mimi ningeanza kwa kuifunga mkanda izungushe mashini ya kukoboa mpunga, maana mama zetu wangali wanatwanga kwa kinu na mchi. Baadaye mkokoteni wa magunia. Plau iwe ya mwisho.

Na mpatane mapema nani ananunua esansi.