Mnara Hauoni Mtu: Waliotoweka, Uvumi wa Mtandaoni na Kumbukumbu za Simu Zisizofika Mahakamani

Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeripoti kwa gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, mkoani Pwani, alimfuata mkewe shambani akiwa na wanaume wengine ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser. Kwa maelezo ya mkewe, aliuliza ufunguo wa nyumba umewekwa wapi, akaaga kwamba ana safari ya dharura, akaondoka nao. Nyumbani baadaye kulikutwa kumepekuliwa. Azory alikuwa ameandika juu ya mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, ambayo kwa miezi mingi yalikuwa yakiwamaliza askari polisi na viongozi wa vijiji. Tangu siku ile hajaonekana.

Alichoacha nyuma ni maneno. Wapo waliosema amevuka mpaka, wapo waliosema anafichwa, na wapo waliomzika bila maiti. Serikali yenyewe iliingia katika mkumbo huo Julai 2019, pale Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alipoiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Siku chache baadaye ikaelezwa kwamba hakueleweka vizuri. Sijui uvumi gani wa mtandaoni uliowahi kuzidi huo kwa uzito.

Makala hii inajenga hoja moja. Mjadala wetu juu ya uvumi wa mtandaoni katika kesi za watu waliotoweka umeelekezwa kwa mtu asiye na data. Tunamkemea anayekisia mbele ya kioo cha simu, ilhali kumbukumbu ambazo zingekomesha makisio yake zimo katika seva za kampuni za simu na katika majalada ya wapelelezi, na hazitoki humo. Kabla ya kulitetea dai hilo, hata hivyo, haki inadai nianze na makosa ya wanaokisia, maana ni mengi, na baadhi yanaumiza.

Kiswahili kina ngazi za habari isiyothibitika. Fununu ni harufu ya jambo tu. Tetesi husemwa chini chini, na msemaji huangalia pembeni kwanza. Uvumi umeshakuwa upepo, hauna mwenyewe. Mbali na hizo kulikuwa na mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia, kila mtu alijua kuna jambo, lakini alijua pia mpiga mbiu ni nani, ametumwa na nani, na mwenye la kusema aende kwa nani. Anayesambaza mtandaoni picha ya mtu aliyepotea anapiga mbiu; anayeongeza chini yake kwamba "simu yake imeonekana Kisarawe" amerudi kwenye tetesi, ila sasa tetesi yenye sauti ya mbiu. Msemaji hajulikani, na aliyemwambia hajulikani. Ukimbana atakuambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake katika mambo ya ndoa na siasa za mtaa. Kwa mama anayemngoja mwanawe, ni kanuni mbaya ya ushahidi.

Tuichukue hiyo kauli ya simu kuonekana mahali fulani, kwa sababu ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Chukua Vihingo, upande ambako Kibaha na Kisarawe zinapakana. Mtu akiwa huko akapiga simu, mtandao huandika namba mbili, muda, urefu wa maongezi, utambulisho wa kifaa, na mnara uliobeba mwito huo pamoja na upande wa mnara uliohusika. Jina la kijiji halimo. Mnara wa kawaida hugawa eneo lake katika pande tatu, na mashambani upande mmoja unaweza kufunika kilomita kadhaa za mihogo, misitu na mabonde. Wala simu hailazimiki kushika mnara ulio karibu zaidi. Kilima, miti au msongamano wa watumiaji huweza kuisukuma kwa mnara mwingine. Kwa hiyo mtu mmoja aliyeketi chini ya mwembe mmoja pale Vihingo anaweza, ndani ya saa moja, kuandikwa mara kwenye mnara wa upande wa Kibaha na mara kwenye mnara wa upande wa Kisarawe. Mkisiaji mwenye haraka atasema alikuwa akisafirishwa. Hakusogea hata hatua moja.

Jambo la pili ni simu isiyotumika. Kumbukumbu za mawasiliano huzaliwa pale panapopigwa simu, kutumwa ujumbe au kutumika data. Mnara wa mwisho katika orodha ni wa mara ya mwisho simu ilipotumika. Hauonyeshi mwenye simu alipofikia, na saa kadhaa zinaweza kupita kati ya hayo mawili. Hapo ndipo hadithi nyingi zinapojengwa.

Kisha kuna tiki za WhatsApp, ambazo siku hizi zimekuwa uganga wetu mpya. Nimeona watu wenye shahada wakibishana usiku kucha kwa sababu tiki moja imegeuka mbili. Tiki ya pili inasema ujumbe umefika kwenye simu au kwenye kifaa kingine kilichounganishwa na akaunti hiyo. Haisemi nani amekishika. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mteja mwingine. Siku moja picha ya mgeni inatokea penye jina la marehemu au la aliyepotea, na kundi zima la familia linalipuka kwa furaha ambayo ndani ya nusu saa imekuwa kilio.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetokea katika mkondo huuhuu wa kesi ya Azory. Novemba 2018, Angela Quintal na Muthoki Mumo wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari walikuja Dar es Salaam, na kutoweka kwa Azory kulikuwa miongoni mwa waliyoyafuatilia. Walichukuliwa hotelini usiku, wakanyang'anywa pasipoti na simu, wakahojiwa. Kamati hiyo ilieleza baadaye kwamba, wakiwa bado mikononi mwa waliowakamata, ujumbe wa uongo uliwekwa kwenye akaunti ya Twitter ya Quintal ukidai wameachiwa. Aliyekuwa akifuatilia kutoka nje aliona akaunti halisi ikitoa neno kwa wakati halisi, na alikuwa na kila sababu ya kutulia. Simu ilikuwa hai. Mwenyewe hakuwa huru.

Basi wanaokisia wanakosea. Lakini wanakosea katika ombwe, na ombwe hilo lina wenyewe.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, uliofikia ukomo wake Januari 2020, karibu kila simu inayolia nchini ina jina nyuma yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa wapelelezi uwezo wa kudai data zitolewe, na uwezo wa kuamuru zihifadhiwe zisipotee. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 16, inamtishia anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Makali yake yote mawili yanajulikana, ila la pili ndilo linalosikika zaidi. Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Dola ilipotaka kumjua aliyesema, ilijua njia ya kuifuata data.

Hata njia ya kujua mtu yupo wapi inajulikana. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyokuwa mbele ya baraza la kazi jijini London, yaliyofunguliwa na mpelelezi wa ndani wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo Tanzania. Kwa mujibu wa madai hayo, data za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, zilikabidhiwa kwa mamlaka za Tanzania katika wiki zilizotangulia 7 Septemba 2017, siku aliyopigwa risasi nyumbani kwake Dodoma. Azory alitoweka miezi miwili na nusu baadaye. Sisemi matukio hayo yana mkono mmoja. Kusema hivyo kungekuwa kufanya kosa lilelile ninalolikemea. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kujua simu iko wapi ulikuwepo mwaka huo, nchini humu, na swali halali ni ulitumika kwa ajili ya nani.

Mwaka mmoja baadaye tuliona uwezo wa namna hiyo ukitumika kumtafuta mtu. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alitekwa alfajiri ya 11 Oktoba 2018 katika hoteli moja Oysterbay. Familia ikaahidi shilingi bilioni 1 kwa atakayesaidia apatikane. Mtandaoni kulikuwa na kila aina ya nadharia, hata ya kwamba amejiteka. Tarehe 19 Oktoba, Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, akawaonyesha waandishi picha ya gari lililonaswa na kamera, na namba zake za usajili za nje ya nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Dewji akapatikana katika viwanja vya Gymkhana. Ushahidi wa kamera ukiwekwa mezani, nadharia nyingi hukosa pa kusimama. Mwandishi wa Kibiti hakuwahi kuwekewa meza ya namna hiyo. Msomaji anaweza kujaza mwenyewe sababu.

Itasemwa kwamba njia ya ndugu ni mahakama, si mtandao. Nakubali, na hapo ndipo tatizo linapoonekana kwa ukubwa wake. Agosti 2024, Deusdedith Soka, kiongozi wa vijana wa CHADEMA Temeke, alitoweka pamoja na mwenzake wa chama na dereva wa bodaboda. Maombi yalifunguliwa Mahakama Kuu ili Polisi waamriwe kuwafikisha mahakamani. Mwezi haukuisha, maombi yakatupwa kwa kukosekana ushahidi kwamba watu hao walikuwa mikononi mwa Polisi. Kwa kanuni za kawaida za uthibitisho uamuzi huo una mantiki: anayedai ndiye anayethibitisha. Lakini mwombaji angethibitisha kwa kitu gani? Mnara wa mwisho wa simu tatu, simu nyingine zilizotembea nazo, magari yaliyopita mbele ya kamera, vyote viko mahali ambapo ndugu hawafiki. Tunamtaka mwombaji alete ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba ileile anayoomba kufunguliwa.

Mahakama inapouona ushahidi huo, mambo hubadilika. Nchini Kenya, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva teksi Joseph Muiruri walitoweka 23 Juni 2016 baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kumbukumbu za simu zilikuwa sehemu kubwa ya kesi, zikionyesha nani aliwasiliana na nani, saa ngapi, na simu zao zilikuwa chini ya minara ipi. Hazikusimama peke yake. Zilishikana na mashahidi, na maungamo ya mtoa habari wa polisi, na kikaratasi ambacho Kimani alikirusha kutoka kizuizini. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani polisi watatu na mtoa habari wao, na Februari 2023 mmoja wa polisi hao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo. Namna mnara unavyoweza kudanganya, niliyoieleza kwa mfano wa Vihingo, hupungua sana pale wakili wa utetezi anapopewa nafasi ya kumhoji mtaalamu wa kampuni ya simu kiapo kikiwa kimeshaliwa. Mtandaoni hakuna wa kuhojiwa.

Siwezi kumaliza bila kuwatendea haki wanaosema ovyo. Kelele zao ndizo zilizofanya jina la Azory lisizikwe pamoja na yeye, kama kazikwa. Katika nchi ambayo jalada linaweza kulala miaka, kelele ni namna ya kulinda kumbukumbu. Ninachowaomba ni wabaki kwenye mbiu: nani, lini, alivaa nini, mara ya mwisho alikuwa na nani, taarifa zipelekwe wapi. Habari za minara wawaachie wenye minara, kisha wawabane hao.

Kuwabana nako kuna mahali pa kuanzia. Kumbukumbu za simu ya aliyetoweka zina thamani, lakini zipo nyingine zinazotangulia, nazo ni za nani aliziomba kumbukumbu hizo, lini, na kwa sababu gani. Iwapo simu ilikuwa ikifuatiliwa wiki mbili kabla mwenyewe hajatoweka, au iwapo hakuna aliyejishughulisha kuiulizia wiki mbili baada ya kutoweka, vyote viwili ni ushahidi, na havitegemei mtaalamu wa kupima nguvu ya mawimbi. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na mahakama inaweza kuipokea orodha kama hiyo faraghani ikiwa usalama wa nchi unahofiwa. Wanasheria wanaoandaa maombi ya kufikishwa mtu mahakamani waiombe orodha hiyo siku ya kwanza, pamoja na amri ya kuhifadhi data zote za namba husika, kabla ya kumwomba jaji hata mtu mwenyewe.