Wosia wa Sikio Moja

Utendi wa Mwana Kupona unajulikana pwani nzima, na ubishi juu yake unajulikana vilevile. Wako wausifuo kuwa ni hazina ya adabu, na wako waulaumuo kwamba unamweka mke chini ya miguu ya mume. Pande zote mbili hushika yaliyosemwa. Ni wachache watazamao namna yalivyosemwa: mama mmoja, mtoto mmoja, na muda uliobaki haba.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Seyyid Said wa Unguja. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamemkalia mwaka mzima. Hakuwakusanya watu wa nyumba awahutubie. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, amsogelee na wino na karatasi, akae, asikilize. Baadaye mama alifariki.

Bahari ya utendi ilikwisha kuzoea mambo makubwa: vita, visa vya Mitume, habari za kusomwa mbele ya hadhara. Mwana Kupona aliishusha sauti, akaileta chumbani. Mizani ni minane kila mstari. Mistari mitatu hupatana vina, na wa nne hurejea kwenye kina cha “ya”, ubeti baada ya ubeti, zaidi ya beti 100. Msikilizaji mchanga hapotei, kwani kila baada ya hatua tatu hurudishwa nyumbani. Wosia wenyewe mama anaufananisha na hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Kidani hutungwa kwa shingo ya mtu mmoja.

Yamo humo maneno ya zama za utumwa na ya ndoa ya wakati ule ambayo wengi wetu leo hatuyakubali, na si haki kuyafunika. Lakini tukiyabishania hayo peke yake, tunamsahau aliyekuwa ameketi pale. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke. Mimi mfasiri naona jina hilo lilitangulia kumwona mume, ambaye hakuwamo chumbani, likampita binti aliyekuwamo.

Njia hiyo haikukatika. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto wadogo wasio na mama. Naye alishika kalamu. Angeweza kutunga utenzi mmoja uwatoshe wote, kwani maadili mengi ni yale yale. Akatunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Kila mmoja alipata wito wake na kikao chake.

Hapo ndipo ninapoiona hekima ya watunzi hawa wawili. Nasaha zinazoelekezwa kwa watoto wote hupokewa na wote, na mara nyingi hazibebwi na yeyote. Sisi tumewakabidhi watoto wetu kwa chuo, kwa shule na kwa simu, mahali ambapo kila mmoja ni mtu katika kundi, kisha tunashangaa kwamba hatuwajui. Mwana Kupona alisubiri hadi maradhi yakamhimiza. Shaaban Robert, hadi mauti yakapita nyumbani mwake. Aliye mzima leo hana haja ya kusubiri hivyo. Wala si lazima awe mshairi: amwite mmoja, amketishe karibu, wengine wangoje zamu yao.