Milango ya Nakshi ya Lamu: Sanaa ya Mtaani Inayolindwa na Sheria

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioko pwani ya kaskazini ya Kenya, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zimeelekezwa uani, na kuta za nje aghalabu hazina mapambo. Pambo ambalo kila mpita njia hulishuhudia ni mlango wa nakshi.

Mlango huo una mabawa mawili yanayofunguka kwa ndani. Huzungukwa na miimo ya kando na kizingiti cha juu. Katikati husimama mfaa, yaani ubao ulioshikizwa kwenye bawa moja ili kuziba mwanya mlango unapofungwa. Nakshi za maua, majani na maumbo ya jiometri huchongwa zaidi katika sehemu hizo tatu, na baadhi ya vizingiti hubeba maandishi ya Kiarabu. Mafundi hupendelea mbao ngumu, kama vile msaji na mbambakofi, kwa kuwa hudumu miaka mingi. Miongoni mwa wachongaji mashuhuri wa Lamu ni Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, ambaye pia alikuwa mshairi na bingwa wa khati.

Uzuri huo umekuwa pia chanzo cha hatari, kwani milango ya kale hutafutwa na wakusanyaji, na mlango ukishang'olewa, mtaa hupoteza kumbukumbu isiyorudishika. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inautambua mlango au fremu yake, iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, kuwa kitu kinacholindwa. Kuupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali.

Milango iliyochongwa baadaye haimo katika tafsiri hiyo. Uhai wa ufundi wenyewe unategemea karakana za Lamu, ambako vijana hujifunza kwa kufanya kazi kando ya mafundi, pamoja na wenyeji wanaoendelea kuagiza kazi zao. Mwenye nyumba anayekusudia kukarabati mlango wa kale anafaa kutafuta ushauri wa Makavazi ya Taifa kabla ya kuung'oa.