Majina Yaliyokunjwa: Orodha za Walimu na Wanawake Waliomo Ndani Yake



Harusi ikikaribia hapa kisiwani, bi harusi hupewa orodha kabla hajapewa kitu kingine. Zamani orodha hiyo ilikaa kichwani mwa somo wake. Siku hizi inakaa kwenye simu, nayo ni orodha ya viungo. Si viungo vya pilau, ni vile ukivigusa vinakupeleka mahali: darsa ya haki za mume na mke, mchoraji wa piko asiyetia kemikali, sheikh anayeeleza josho kwa utulivu, namna ya kufukiza nguo udi zisiungue. Karibu sote tunayo orodha kama hiyo. Tumeipa kichwa cha habari, "Nivipendavyo" au "Vya harusi", na ukigusa kichwa hicho inafunguka, ukigusa tena inajikunja.

Mwezi wa Shaaban uliopita mmoja wetu alimtumia bi harusi wetu mmoja orodha yake yote, viungo arobaini na kitu. Tulitegemea atashukuru. Alishukuru, kisha akaandika: "Dada, hawa wamesoma kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Wengi wa watu wale tulikuwa tumewapenda kwa sauti zao tu. Lakini swali lenyewe ni la zamani sana katika dini yetu, na limetuongoza mpaka kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa chuoni. Waislamu wamekuwa wakiandika orodha za wanaowapenda na kuwaamini kwa zaidi ya miaka elfu, na ndani ya orodha hizo wamejaa wanawake.

Kila anayesoma hadithi anaijua sanad, ule mnyororo wa fulani kapokea kwa fulani mpaka kufika kwa Mtume (SAW). Mwanachuoni aliyesoma kwa watu wengi alikuwa na minyororo mingi, hivyo alihitaji mahali pa kuiweka. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kitabu kinachoitwa mashyakha au mu'jam: kitabu cha majina ya walimu wa mtu mmoja. Mpangilio wake ni rahisi. Linakuja jina la mwalimu, kisha chini yake hadithi moja au mbili alizosikia mwenye kitabu kutoka kwake, pamoja na mnyororo wake. Halafu jina jingine. Jina ndilo kichwa, ukilifungua unakuta ndani kitu cha kusoma na njia ya kurudi nyuma mpaka kilipotoka.

Miongoni mwa vitabu hivyo kipo cha mwanamke, na kimetufikia mpaka leo. Ni mashyakha ya Shuhda binti Ahmad, wa Baghdad, aliyefariki mwaka 574 Hijria, sawa na 1178. Baba yake aliitwa al-Ibari, jina linalotokana na sindano, na mwenyewe walimwita al-Katiba, mwandishi, kwa uzuri wa hati yake. Wakamwita pia Fakhr al-Nisa, fahari ya wanawake. Kinachotugusa zaidi ni umri wake alipoanza. Baadhi ya walimu waliotajwa katika kitabu chake walifariki yeye akiwa bado mtoto. Maana yake kuna mtu, na ni wazi kuwa ni baba yake, aliyemshika mkono msichana mdogo na kumpeleka akae mbele ya wazee wenye sanad fupi, ili akiishi umri mrefu awe kiungo kati yao na watu ambao bado hawajazaliwa. Na umri mrefu aliupata, alizidi miaka tisini.

Waliokuja kusoma kwake si watu wadogo. Ibn Qudama aliyeandika al-Mughni, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Hanbali, alisoma kwake alipokwenda Baghdad. Ibn al-Jawzi naye alisoma kwake, na alipoandika orodha ya masheikh zake mwenyewe akawatia wanawake watatu, Shuhda akiwa mmoja wao. Inasimuliwa hata kwamba walikuwapo watu waliodai uongo kuwa wamesoma kwake, ili wapate heshima. Mtu hadanganyi kwa jina lisilo na thamani.

Kabla yake alikuwapo Karima binti Ahmad, asili yake Marw, aliyekaa Makka na kufariki mwaka 463 Hijria. Yeye alikuwa akisomesha Sahih al-Bukhari. Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahistoria mkubwa, alipokwenda hija alimsomea Karima kitabu chote kwa siku tano. Hebu fikiri, siku tano! Naye Karima hakuwa mtu wa kupitisha mambo. Aliyenakili kitabu kwake alitakiwa kulinganisha nakala yake na ya Karima kabla ya kuondoka nayo. Hakuolewa maisha yake yote. Tunalitaja hili kwa sababu tunawaandikia mabi harusi kila wiki, na wapo dada zetu wanaosoma haya ambao nasibu yao haijafika, na wanaulizwa kila Idi.

Lakini orodha za masheikh wakubwa si mahali pekee pa kuwatafuta wanawake. Ipo orodha nyingine, ya hali ya chini zaidi, na kwa kusema kweli sisi tunaipenda kuliko zote. Inaitwa samaa, yaani usikizaji. Kitabu kilipokuwa kikisomwa mbele ya sheikh au sheikha, mtu mmoja aliandika majina ya waliohudhuria. Majina hayo yaliandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, au pembeni, au popote palipobaki nafasi. Iliandikwa nani alisomewa, nani alikuwa msomaji, wapi na tarehe gani. Aliyekosa sehemu iliandikwa kuwa amekosa. Watoto waliandikwa na umri wao, na wa chini ya miaka mitano alitajwa kuwa "alihudhuria" tu, si kwamba "alisikia". Mama na mabinti waliandikwa, watumwa wakaandikwa pamoja na mabwana zao. Vikao vingine vilikuwa msikitini, vingine nyumbani kwa mtu, vingine bustanini.

Damascus ndiko zilikobakia nyingi sana za orodha hizi. Mwaka 1996 ulichapwa mkusanyo wa samaa za mji huo zilizoandikwa kati ya 1155 na 1349, na waliofanya kazi hiyo walilazimika kusoma maandishi madogo yaliyobanana, kurasa ambazo watu wengi walikuwa wakizipita haraka kwenda kwenye matini. Majina yalikuwa yamekunjwa ndani ya vitabu miaka yote hiyo. Hakuna aliyeyaficha. Ni kwamba hakuna aliyeyafungua.

Damascus hiyohiyo ndiyo ya Zaynab binti al-Kamal, aliyefariki mwaka 740 Hijria (1339) akiwa na zaidi ya miaka tisini. Naye hakuolewa, na tangu utotoni alikuwa na maradhi ya macho. Alipokuwa mchanga jamaa zake walimtafutia ijaza, yaani ruhusa za kupokeza elimu, kutoka kwa wanazuoni wa miji ya mbali. Ibn Hajar anaandika kuwa ijaza zake zilikuwa mzigo wa ngamia. Wanafunzi walisoma kwake sehemu kubwa ya siku, na wanamsifu kwa subira yake.

Hapa kisa kinasogea pwani yetu. Mwaka 1326 alipita Damascus kijana kutoka Tanja, Ibn Battuta. Katika kitabu cha safari zake anawataja watu waliompa ijaza huko, na kati yao wamo wanawake wawili: Zaynab huyuhuyu na Aisha binti Muhammad al-Harrani. Miaka mitano baadaye, 1331, kijana huyo alishuka Mombasa kisha akafika Kilwa. Watoto wetu shuleni hufundishwa aliyoyaona Kilwa, na sultani aliyekuwa mkarimu. Hatukumbuki hata mmoja wetu kufundishwa kwamba mgeni yule, alipokanyaga mchanga wa pwani hii, alikuwa na majina ya wanawake wawili katika orodha ya waliompa idhini.

Bi harusi wetu huenda akauliza, na mwenye mume je? Basi tumwambie habari za Uns binti Abd al-Karim, mkewe Ibn Hajar al-Asqalani, sheikh mkubwa wa hadithi wa Cairo. Aliolewa akiwa kijana, na mumewe ndiye aliyemtia katika usikizaji, akampeleka kwa mwalimu wake mwenyewe, al-Iraqi, na akamtafutia ijaza. Alizaa mabinti watano. Baadaye naye akawa anasomewa, na mumewe yupo. Khitma ya Bukhari ilipofika, Bi Uns aliandaa halua na matunda kwa waliohudhuria, na watu wakijaa. Sisi tulipolisoma hili tulicheka kwa furaha, maana ni kama tuliona sinia za khitma za kwetu. Hata hivyo hatutaki kuipamba ndoa yao kupita kiasi. Ibn Hajar alitaka mtoto wa kiume, akachukua suria kwa siri, na Uns alipojua aliumia sana. Mambo yote mawili yameandikwa, sinia za halua na machungu yale, na aliyeyaandika ni mwanafunzi wao, al-Sakhawi. Al-Sakhawi huyu ndiye aliyekusanya wasifu wa watu wa karne yake katika juzuu kumi na mbili, na juzuu ya mwisho yote akawapa wanawake. Wamo 1,075.

Baada ya zama hizo majina ya wanawake yanapungua katika orodha. Yakazidi kupitwa, mpaka mtu wa leo akadhani hayakuwapo. Sheikh Muhammad Akram Nadwi, mzaliwa wa India anayeishi Uingereza, alipoanza kuyatafuta alidhani atapata wachache wa kujaza kijitabu. Mwaka 2021 kazi yake ilichapwa kwa Kiarabu ikiwa na juzuu 43, na ndani yake wapokezi wanawake wapatao 10,000.

Na kwetu? Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ambaye chuo chake Ukutani kimewasomesha watu wa Unguja kwa miaka mingi, alisafiri Hadhramaut na kuandika kitabu cha safari hiyo, kikiwataja masharifu na masheikh aliowazuru. Rafiki yake Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija, naye alikuwa mtu wa minyororo na ijaza. Wote wawili walifariki hapa Unguja mwaka 1925. Kwa hiyo mila ya kuandika nani kakufundisha ilifika kwetu, tena ikashika.

Majina ya wanawake wetu ndiyo machache. Sababu moja Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ameieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886: wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Yeye alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Asiyefundishwa kuandika anaweza kuhifadhi, kusomesha na kulea kizazi kizima cha wasomaji, na asiache jina lake hata pembeni mwa ukurasa. Mwana Kupona binti Mshamu alipomwachia bintiye Mwana Hashima utenzi wa nasaha mwaka 1858, alikuwa mmoja wa wachache ambao jina la mama na la binti yamebaki pamoja. Lakini bibi aliyekufundisha wewe Juzuu Amma, ukiwa umekaa juu ya mkeka na ubao mapajani, jina lake liko wapi?

Tulimrudia bi harusi wetu. Viungo vile arobaini na kitu tulivipitia upya kimoja kimoja. Tuliowajua waliposoma tuliandika chini ya jina: kasoma chuo fulani, kwa fulani. Tusiowajua tuliwaondoa, hata wawili tuliokuwa tukiwapenda sana. Zikabaki kumi na tisa. Tukamwomba naye atuandikie orodha yake, ya waliomfundisha dini tangu utotoni mpaka siku ya kuolewa.

Alileta majina saba kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, kwa sababu, alisema, simu ya mama yake haifungui zile nyingine. Sita yalikuwa kamili. La saba lilikuwa la mwalimu wake wa kwanza, aliyemfundisha alifu na Fatiha huko shamba, na pale bi harusi alikuwa ameandika "Bi Mkubwa wa chini ya mwembe" tu. Mama yake alisema atauliza. Siku ya kuonyesha harusi, watu wamejaa ukumbini na udi unafuka, mama akaja moja kwa moja kwetu, hata salamu hajamaliza, akalitaja jina lote mpaka la babu. Mmoja wetu alikuwa na kalamu ya wanja mkobani. Tukaliandika.