Tabora hadi Kigoma: Umbali ni Suala la Mamlaka

Kati ya kiwanja cha ndege cha Tabora na kile cha Kigoma kuna takriban kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria huumaliza umbali huo bila kufikisha saa moja angani. Takwimu hizi huonekana kuwa za kijiografia tu. Historia ya njia hiyo, hata hivyo, hutufundisha kwamba muda wa safari hauamuliwi na ardhi peke yake.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, jirani na Tabora, akitaka kufika Ujiji. Njia iliyozoeleka ya misafara ilikuwa imefungwa na Mtemi Mirambo, aliyekuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Aliondoka tarehe 20 Septemba na, kwa hesabu yake mwenyewe, akaingia Ujiji tarehe 10 Novemba: siku 51. Milima haikuwa imeongezeka wala mito haikuwa imepanuka. Kilichoirefusha safari ni siasa. Mirambo alielewa vyema kwamba anayeishika njia ndiye anayepanga masharti ya biashara.

Mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kazi yao ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa taaluma yenye heshima na nguvu yake: mpagazi aliyedhulumiwa ujira aliweza kuutua mzigo, na msafara mzima ukakwama.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya majuma ikawa ya saa. Tusisahau, hata hivyo, kwamba Wajerumani hawakuijenga ili Mnyamwezi amtembelee jamaa yake ziwani. Waliijenga ili kuvuta mali kuelekea pwani na kuimarisha utawala wao bara. Upagazi wa masafa marefu ukafifia, na kijana aliyezoea kujadiliana ujira wake akajikuta kibarua anayetafuta fedha ya kodi. Muda ulifupishwa, na sauti yake ikafupishwa pamoja nao.

Leo ndege imeipunguza safari hiyo kuliko reli ilivyowahi kufanya. Swali la zamani lingali palepale: amefupishiwa nani? Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mchuuzi wa dagaa wa Kigoma bado huhesabu safari zao kwa mwendo wa treni na basi. Kwao, kilomita 350 za angani ni habari za watu wengine.

Sipingi ujenzi wa viwanja vya ndege. Ninachodai ni kipimo kimoja cha haki: taifa lisijisifu kwa dakika za abiria wachache kabla halijahesabu saa za walio wengi. Mirambo alijua kwamba njia ni mamlaka. Raia wa leo naye ana haki ya kuuliza njia yake imeshikwa na nani.